Shajara ya MDH2: kimeng'enya cha mitokondria ya binadamu ndani ya bakteria

12 Januari. Tunachokitafuta

Lengo ni kupata protini ya jeni ya MDH2 ikiwa safi, ikiwa hai, na ikiwa ya kutosha kupimwa. Jeni hii iko kwenye mkono mrefu wa kromosomu 7, sehemu ya 7q11.23, na ina eksoni 9. Protini yake ni malati dehidrojenasi ya mitokondria, kimeng'enya kinachofunga mzunguko wa Krebs: kinaichukua malati, kinaing'oa elektroni na kuikabidhi NAD+, molekuli inayobeba elektroni na ambayo ikishazipokea huitwa NADH, na kinachobaki ni oksaloasetati. NADH iliyopatikana hupeleka elektroni hizo kwenye mnyororo wa upumuaji, ambako ATP nyingi ya seli, yaani nishati yake, hutokea. Kina ndugu anayeitwa MDH1, anayefanya kazi ileile nje ya mitokondria. Wawili hao wakisaidiana huvusha elektroni za NADH ya nje, maana NADH yenyewe haipenyi utando wa ndani.

Nimeichagua kwanza kwa sababu kipimo chake ni chepesi. NADH hufyonza mwanga wa nanomita 340 na NAD+ haifyonzi, basi kazi ni kutazama namba ikipanda au ikishuka. Lakini pia kuna wagonjwa nyuma ya jeni hii. Mwaka 2015 ilihusishwa na uvimbe uitwao paraganglioma, na mwaka 2017 wakaelezwa watoto wenye ugonjwa mkali wa ubongo na degedege zilizoanza utotoni kabisa, waliorithi nakala mbovu kutoka kwa baba na kwa mama. Hatimaye nataka kutengeneza mojawapo ya protini hizo mbovu na kuiweka kando ya nzima. Kwanza nzima yenyewe iwe mkononi.

Gharama nitaziandika kwa siku na kwa vitu vilivyoharibika. Bei hutofautiana mno kati ya maabara na maabara, hazitamsaidia msomaji.

29 Januari. Protini tele, yote kwenye mashapo

Tuliagiza jeni iliyoandikwa upya kwa kodoni (herufi tatu tatu za DNA, kila tatu zikitaja asidi amino moja) zinazopendwa na bakteria E. coli, ikiwa ndani ya pET-28a, plasmidi, yaani DNA ya duara, inayobandika histidini 6 mbele ya protini ili ije ikamatwe kwa nikeli. Kuiingiza kwenye BL21(DE3), aina ya E. coli ya kutengenezea protini, kuotesha kwenye LB, mchuzi wa kulishia bakteria, wenye antibiotiki kanamaisini, kuweka IPTG, kemikali inayowasha jeni, kuvuna: vyote vilikwenda kama kawaida.

Kwenye jeli, inayotenganisha protini kwa ukubwa, mstari ulikuwa mnene kiasi cha kutia kiburi. Tukapasua bakteria kwa mawimbi ya sauti, tukazungusha kwenye sentrifuji, na maji ya juu yakawa hayana kitu. Mstari wote ulikuwa umeshuka na mashapo meupe kama chaki, dalili kwamba protini ilijikunja vibaya ikagandana. Nikapunguza IPTG kutoka milimola 1 hadi 0.1. Nikashusha joto kutoka nyuzi 37 hadi 18 na kuotesha usiku kucha. Nikabadilisha chumvi ya bafa, kimiminika kinachotuliza pH, mara mbili. Nilichopata juu hakikutosha hata kuchafua kuveti, kichupa angavu cha kupimia mwanga. Zilipita siku 9 kabla sijarudi kusoma maelezo ya protini yenyewe, jambo nililopaswa kulifanya siku ya kwanza.

MDH2 ni jeni ya kwenye kiini cha seli. DNA ya mitokondria hubeba maelekezo ya protini 13 tu, na hii haimo. Kwa hiyo protini hutengenezwa nje, kisha husafirishwa ndani, na asidi amino 24 za mwanzo ndizo tiketi yake ya safari. Ikishaingia, kimeng'enya kingine huikata tiketi hiyo na kuitupa, kama inavyochanwa mlangoni. Bakteria hawana mchanaji huyo. Mimi nilikuwa nimeagiza asidi amino zote 338, tiketi ikiwemo, kipande chenye alanini na arijinini tele ambacho kazi yake ni kuvutwa na utando. Ndani ya bakteria kilikuwa kikining'inia tu na kushika kila kilichopita karibu.

11 Februari. Tiketi imekatwa

Primeri mpya, vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha mahali pa kuanza kunakili jeni, zinaanzia alanini ya 25. Zimebaki asidi amino 314; pamoja na lebo ya histidini na viungio vyake, protini yetu sasa ina 335. Kwa nyuzi 18 na IPTG ya milimola 0.2, zaidi ya nusu inabaki kwenye maji ya juu. Kwa nyuzi 37 sehemu kubwa inarudi kulekule chini, kwa hiyo usifanye haraka hata kama tiketi umeiondoa.

20 Februari. Furaha ya dakika kumi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili kosa ni la aibu na nadhani wengi watalirudia.

Kabla ya kusafisha, nilitaka kuonja. Niliweka NADH ya milimola 0.2 kwenye kuveti ya sentimita 1. Kigezo cha ufyonzaji wa mwanga cha NADH ni 6,220 kwa mola kwa sentimita, hivyo spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga, inapaswa kusoma karibu 1.24, na ilisoma hivyo. Nikaongeza oksaloasetati, kisha mikrolita 10 za bakteria waliopasuliwa; hapa kazi inapimwa kinyumenyume, oksaloasetati ikirudi kuwa malati na NADH ikiliwa. Mstari ukaporomoka kama jiwe kisimani. Nikaandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: INAFANYA KAZI.

Mwenzangu wa benchi ya pili akainua kichwa. "Na ile ya plasmidi tupu je?"

Sikuwa nayo. Tulikuwa na bakteria wenye plasmidi tupu kwenye friza, nikawapasua, nikapima. Mstari ukaporomoka vilevile.

Kumbe E. coli ana malati dehidrojenasi yake mwenyewe, yenye asidi amino 312, na katika ukoo wa vimeng'enya hivi ni jamaa wa karibu kabisa wa ile ya mitokondria yetu. Si ajabu, ukikumbuka mitokondria zenyewe zilitokana na bakteria. Nilikuwa nimempima mwenyeji nikidhani ni mgeni. Halafu nikapima bila oksaloasetati kabisa, na bado namba ilishuka polepole: vipande vya utando wa bakteria vina mnyororo wao wa upumuaji, navyo hula NADH bila kumngoja mtu.

Tangu siku hiyo kila kipimo kina kuveti tatu: yenye kila kitu, isiyo na oksaloasetati, na yenye bakteria wa plasmidi tupu waliopitia hatua zilezile. Herufi kubwa nimezipiga mstari mmoja, zinasomeka bado.

2 Machi. Nikeli

Safu ya nikeli, kuosha kwa imidazoli, kemikali inayoachanisha histidini na nikeli, ya milimola 20, kutoa kwa 250. Plasmidi tupu nayo ilipita kwenye safu ya kwake: kimeng'enya cha bakteria kilitoka chote kwenye maji ya kuoshea, na kwenye maji ya mwisho kuveti ilibaki tuli. Ya kwetu ilitoa mstari mmoja kwenye jeli karibu na kilodaltoni 35. Lita 1 ya bakteria ilitoa miligramu 18.

Hasara ilikuja baadaye. Theluthi moja niliigandisha moja kwa moja baada ya kuondoa imidazoli, bila gliseroli. Ilipoyeyuka ilikuwa na nyuzi nyeupe zinazoelea kama utando wa maziwa. Miligramu 6 zikaenda kwenye sinki. Zilizobaki zina gliseroli ya asilimia 20, zimegawanywa vichupa vya mikrolita 50, kila kichupa cha kuyeyushwa mara moja tu.

10 Machi. Haraka mno

Kimeng'enya safi nilikiweka kama kilivyo, miligramu 4 kwa mililita, mikrolita 10. Nilipofunga kifuniko NADH ilikuwa imeshaisha. Mashine ilichora mstari wa chini ulionyooka, na mtu asiyejua angesema hakuna kinachotokea. Niliwahi kusema hivyo mimi mwenyewe kwa muda, nikaongeza kimeng'enya zaidi!

Dawa ni kukipunguza mara 1,000. Lakini kwenye bafa tupu kimeng'enya kilichopunguzwa kiasi hicho hufifia: ndani ya nusu saa nguvu yake ilikuwa imeshuka karibu nusu. Protini kidogo namna hiyo hunata kwenye plastiki, na hiki hufanya kazi kikiwa wawili wawili walioshikana, hivyo wakiwa wachache mno hatari ya kuachana ni kubwa. Albumini ya miligramu 1 kwa mililita ndani ya bafa ya kupunguzia ikamaliza tatizo.

Kosa la pili la siku: nilipandisha oksaloasetati kutoka milimola 0.2 hadi 5, nikiamini chakula kingi kitaleta kasi kubwa. Kasi ikashuka. Malati dehidrojenasi ya mitokondria huzuiwa na oksaloasetati inapozidi; ni tabia yake inayojulikana, na mimi sikuikumbuka. Tumebaki na 0.2.

18 Machi. Kimeng'enya kinachochoka mchana

Kwa siku 6 mfululizo matokeo yalikuwa mazuri asubuhi na mabovu jioni. Saa nne kasi nzuri. Saa nane imepungua. Saa kumi na moja imebaki kivuli. Nilimshuku kimeng'enya, nikakiweka kwenye barafu. Nikashuku bafa, nikatengeneza mpya. Nikashuku taa ya mashine. Nilitumia vichupa 11 vya kimeng'enya kwenye uchunguzi huu, na kila kichupa kipya kilichofunguliwa alasiri kilitoka kimechoka tayari, jambo ambalo lingetosha kunifumbua macho.

Aliyenifumbua ni fundi wa maabara, mama ambaye ameona wanafunzi wengi wakija na kuondoka. Alisimama nyuma yangu akitazama nikinyonya kwa pipeti kutoka kichupa kilichokuwa juu ya meza.

"Mwanangu, hicho ulikiyeyusha lini?"

"Asubuhi, mama. Saa tatu."

"Na kimekaa hapo mezani tangu saa tatu?"

Hakuongeza neno. Akaenda zake.

Mchawi alikuwa mezani: kichupa kile kilikuwa cha oksaloasetati, si cha kimeng'enya. Oksaloasetati ikiwa ndani ya maji hupoteza kaboni dioksidi yenyewe na kugeuka piruvati. Kwenye joto la chumba ni suala la saa chache, na metali kama manganizi na nikeli huharakisha mwendo huo. Piruvati haina maana yoyote kwa kimeng'enya hiki. Nilihakikisha kwa njia ya mkato: kimeng'enya cha asubuhi na oksaloasetati iliyoyeyushwa dakika hiyohiyo, kasi ikarudi yote; kimeng'enya kipya na oksaloasetati ya asubuhi, kasi ya jioni ileile.

Sasa unga unapimwa kidogo kidogo kwenye vichupa vikavu, vinakaa kwenye friza, na kila saa moja nayeyusha kimoja kwenye bafa ya baridi, kinakaa kwenye barafu. Nakiyeyusha kwenye bafa badala ya maji kwa sababu unga wenyewe ni asidi, na NADH huharibika upesi ikikutana na asidi.

4 Aprili. Kujaribu njia ya mbele

Hadi hapa nilikuwa napima mzunguko kinyumenyume, oksaloasetati kwenda malati. Msomaji mmoja wa shajara akauliza kwa nini nisipime kama seli inavyofanya. Swali la haki. Nikaweka malati ya milimola 10, NAD+ ya milimola 1, bafa ya pH 7.4, na kimeng'enya. Namba ikapanda hadi 0.07 ikasimama. Nikaongeza kimeng'enya mara kumi. Ikafika 0.07 haraka zaidi, ikasimama.

Hesabu ingeniokoa siku mbili. Badiliko la nishati huru kwa mmenyuko huu, kwenye hali sanifu na pH 7, ni karibu kilojuli 29.7 kwa moli, kwa upande wa hasara. Uwiano wa mwisho unaotokana na hilo ni karibu 6 kwa milioni. Kwa viwango nilivyoweka, pH 7.4, NADH itakayopatikana kabla ya mmenyuko kusimama ni mikromola 12 hivi, sawa na 0.077 kwenye mashine. Kimeng'enya kilikuwa kimefanya kazi yote iliyowezekana. Huwezi kumlaumu mpagazi kwa urefu wa mlima.

Ndani ya mitokondria mlima huu unapandwa kwa sababu sitrati sinthasi, jirani yake wa hatua inayofuata, huinyakua oksaloasetati mara tu inapotokea. Kwenye kuveti hakuna jirani. Ila mmenyuko huu hutoa protoni, basi kupandisha pH kunausukuma mbele: kwa pH 9 hesabu inatoa kikomo cha karibu 0.47, na mstari wa dakika za mwanzo unanyooka vya kutosha kupimwa. Nimepima hivyo mara tatu, ikakubali. Lakini pH 9 si makazi ya kawaida ya protini hii, kwa hiyo kwa kulinganisha nzima na mbovu nitaendelea na njia ya nyuma.

22 Aprili. Histidini moja, namba tatu

Kabla ya kuunda protini za wagonjwa nilitaka mfu wa kulinganishia: protini ileile, umbo lilelile, ila haiwezi kufanya kazi. Histidini ya 200 ndiyo inayopokea protoni katikati ya kazi, kwa hiyo ukiigeuza alanini, kimeng'enya kinabaki ganda.

Nikafungua faili la plasmidi, nikahesabu hadi 200, nikakuta AAA. Hiyo ni lisini. Nikafungua faili la protini isiyo na lebo, nikahesabu hadi 200, nikakuta kodoni inayoanza na AC. Threonini. Histidini lazima ianze na CA. Kwa dakika ishirini niliamini kwamba waliotengeneza jeni wamekosea, nikaanza hata kuandika barua ya malalamiko.

Kosa lilikuwa la kwangu, kama kawaida. Namba 200 inahesabiwa kutoka mwanzo wa protini nzima, tiketi ikiwemo. Ukiondoa tiketi, histidini hiyohiyo inakuwa ya 176. Ukibandika lebo yetu mbele, inakuwa ya 197. Tofauti ya 3 ndiyo mbaya zaidi, maana ni ndogo kiasi cha kukudanganya kwamba uko mahali penyewe. Njia salama ni kutafuta majirani badala ya namba: histidini hii imetanguliwa na glaisini mbili, ikafuatwa na alanini na glaisini. Barua haikutumwa. Primeri zimeagizwa.

7 Mei. Mfu aliyepumua

Protini yenye alanini mahali pa histidini ilitoka vizuri: kiasi kilekile kwenye maji ya juu, mstari uleule kwenye jeli. Nikapima nikitarajia kimya. Ikatoa asilimia 2 ya kasi ya nzima.

Asilimia 2 ni kidogo, unaweza kuipuuza. Lakini nilipanga kuitumia kama sifuri, na sifuri yenye mbili ndani yake si sifuri. Kuveti isiyo na oksaloasetati ilikuwa tuli, hivyo si uchafu unaokula NADH ovyo. Plasmidi tupu, safu yake mwenyewe: tuli. Basi si kimeng'enya cha bakteria pia. Ikabaki safu ya nikeli iliyotumiwa na mfu: ni ileile iliyomsafisha mzima mwezi Machi. Niliiosha kwa imidazoli ya milimola 500 na maji tele, na nikaona inatosha.

Haikutosha. Kimeng'enya kinachopimwa baada ya kupunguzwa mara 1,000 hakihitaji kubaki kingi ili kionekane. Nilitupa mililita 2 za nikeli, nikaanza na mpya, nikaotesha tena lita 1, siku 4. Mfu sasa ni mfu. Mstari wake na wa kuveti isiyo na kimeng'enya huwezi kuutofautisha. Kila protini imepewa safu yake, na jina limeandikwa kwenye safu kwa wino usiofutika.

15 Mei. Hadi sasa, na kinachofuata

Tangu Januari: lita 7 za bakteria, jeli 19, miligramu 6 za protini iliyoganda vibaya, mililita 2 za nikeli, na siku zisizopungua 21 zilizokwenda kwa makosa niliyoyaeleza. Kwa anayetaka kufuata, akianzia tarehe 11 Februari na kuveti zake tatu, nadhani ni kazi ya wiki tatu.

Protini ya kwanza ya wagonjwa itakuwa ile ambayo prolini ya 207 imegeuka leusini, moja ya zilizoelezwa mwaka 2017. Iko hatua saba tu kutoka histidini ya kazi, na prolini ndiyo inayokunja uti wa protini kwa ukaidi, kwa hiyo naotesha kwa nyuzi 18 bila mjadala na nimetenga jeli ya ziada kwa ajili ya mashapo. Ya 207 kwenye hesabu ya tiketi, 183 bila tiketi, 204 kwenye faili letu. Kodoni iliyopo hapo ni CCG. Nimemwita mwenzangu aisome kwa sauti kabla sijabonyeza kutuma.